Paja lilipokataa kuniitikia

Siku chache baada ya upasuaji wa goti, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinilaza chali, akakunja taulo, akaliweka chini ya goti langu na kusema: "Likandamize. Kaza paja." Nilikunja uso, nikabana meno, nikazuia pumzi. Paja likabaki limelegea vilevile. Kilichokaza ni mguu wa pili, ule usioumwa, ambao hakuna aliyeuagiza.

Nililia siku ile. Niliamini msuli umekufa. Kama nawe umelala na mguu usiokusikia, soma hadi mwisho, maana yule mtaalamu alinieleza jambo lililobadilisha namna nilivyofanya mazoezi: msuli wenyewe haukuwa na kasoro kubwa. Amri ndiyo haikuwa ikifika.

Misuli inayosogeza mifupa haijiamulii. Amri hutoka kwenye ubongo, hushuka hadi uti wa mgongo, kisha hukimbizwa na neva hadi msulini kwa kasi inayoweza kupita mita 80 kwa sekunde. Goti likijaa maji, taarifa zinazotoka humo huufikia uti wa mgongo na kuzituliza neva za paja. Mwili unalinda kiungo kilichoumia. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: shughulikia uvimbe kabla ya kuulaumu msuli. Inua mguu, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na usikimbilie kutembea umbali mrefu.

Amri ikifika mwisho wa neva, haivuki ikiwa umeme. Kati ya neva na msuli kuna upenyo mwembamba sana, na hapo neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Kemikali hiyo ikigusa utando wa uzi wa msuli, umeme mpya huzaliwa na kuzama hadi ndani, na maghala ya kalsiamu yaliyomo hufunguka. Hapa ndipo ninapopapenda. Ndani ya kila uzi kuna nyuzi ndogo zaidi za protini, nyembamba za aktini na nene za miosini, zimepangwa zikipishana. Kalsiamu huondoa kizuizi kilichofunika aktini, na vichwa vidogo vya miosini huishika, huvuta, huachia, hushika tena mbele kidogo, kama watu wanaovuta kamba kwa kupokezana mikono. Nyuzi hizo hazijikunji wala kufupika, bali huteleza moja kando ya nyingine. Timu mbili tofauti zilichapisha wazo hilo mwaka 1954, na mpaka leo ndilo linalofundishwa.

Kulegea nako kunahitaji nishati. Bila ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, vichwa vya miosini haviachii, na kalsiamu hairudishwi ghalani. Maiti hukakamaa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo usihesabu kukaza peke yake: kaza kwa sekunde tano, kisha legeza kabisa, mpaka uone nyama imelala, ndipo urudie. Mimi nilikuwa naharakisha hapo, na nilichoka bure.

Seli moja ya neva huamuru kikundi cha nyuzi za msuli, na nyuzi zote za kikundi hicho huitika kwa pamoja. Kwenye misuli ya jicho kikundi huwa na nyuzi chache tu. Kwenye misuli mikubwa ya mguu zinaweza kupita elfu moja. Ukitaka nguvu zaidi, mwili huita vikundi vingi zaidi na kuvitumia amri kwa haraka zaidi. Wiki za mwanzo za mazoezi, nguvu nyingi unayoipata hutokana na kuita huko, kabla nyama haijaongezeka. Tafadhali usipime paja kwa futi kila asubuhi ukakata tamaa.

Nilichofanya mimi: mara sita kwa siku, dakika chache tu. Niliweka vidole viwili juu ya pia ya goti, nikaangalia mahali hapohapo, nikakaza kwanza mguu usioumwa ili nikumbuke hisia yake, kisha nikauagiza ule uliopasuliwa. Nilitoa pumzi wakati wa kukaza. Baadaye niliwekewa vibandiko vya umeme, ambavyo huiamsha neva iliyo karibu navyo ikaamuru msuli. Umeme kuamsha msuli si jambo jipya: mwanasayansi Mwitalia Luigi Galvani aliandika mwaka 1791 jinsi miguu ya chura ilivyorushwa na umeme.

Lakini udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, au mdomo kupinda, si wa kufanyia mazoezi: nenda hospitali saa hiyohiyo. Kope zinazolegea na nguvu inayopungua kadiri unavyotumia misuli, kisha kurudi ukipumzika, nazo zinahitaji daktari, kwa kuwa huenda kinga ya mwili inashambulia vipokezi vya asetilikolini, yaani sehemu za msuli zinazoipokea kemikali hiyo.

Siku ya kumi na moja kitu kilipapatika chini ya vidole vyangu, kidogo kama kope inayocheza. Nikaagiza tena. Pia ya goti ikapanda juu, kiasi cha unywele mmoja tu, halafu ikarudi.