Vipande vya usiku kwa bei ya jioni

Swali: Mimi ni mweka hazina wa chama cha kina mama hapa Kondele, Kisumu. Tunafikiria kuweka akiba kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Nasikia huko Marekani matajiri waliuziwa vipande, yaani sehemu za umiliki wa mfuko, usiku kwa bei ya jioni. Waliwaibiaje wenzao, na serikali ilikuwa wapi?

Jibu: Mama, tuseme mfuko una vipande 1,000 vya shilingi 100 kila kimoja. Bei inafungwa saa kumi jioni. Usiku habari njema zinaingia na mali ya mfuko inapanda hadi shilingi 104,000. Tajiri aliyezisikia anaruhusiwa kutia 100,000 kwa bei ya jioni, anapewa vipande 1,000. Kesho yake mna 204,000 kwa vipande 2,000, yaani 102 kila kimoja. Ninyi mlistahili 104. Amewala shilingi mbili kwa kila kipande bila kuhatarisha hata senti. Kanuni za Marekani zilikuwa zimekataza jambo hilo tangu 1968.

Serikali ilikuwepo. SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa kule, ilikagua mifuko lakini ikaona hatari kubwa ziko kwingine, ikaamini kampuni zitajichunga. Fununu zilimfikia mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, Eliot Spitzer, naye Septemba 2003 akaianika kampuni ya Canary Capital Partners, iliyokuwa ikinunua vipande kwa njia hii, nayo ilikubali kulipa dola milioni 40. Baadaye SEC ililazimisha kila mfuko uwe na afisa wa kuhakikisha sheria zinafuatwa, anayeripoti kwa bodi. Ni hatua nzuri, ila mimi naamini mlinzi wa kwanza ni mfanyakazi wa ndani anayethubutu kusema, na ofisi inayomsikiliza.

Kwetu msimamizi ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mifuko ya soko la fedha, inayonunua hasa hati za hazina na kuweka amana benki, haina mwanya mkubwa wa mchezo huu kwa sababu thamani yake haiyumbi sana. Ya hisa ndiyo ya kuchungwa.

Hakikisheni meneja yuko kwenye orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka. Pesa zenu ziende kwenye akaunti ya mfuko. Wakala akitaka mtume kwa namba yake binafsi, kataeni. Ulizeni saa ya mwisho ya kupokea maombi, kisha kwenye taarifa ya akaunti linganisheni siku pesa zilipofika na siku ya bei mliyopewa. Zikipishana bila maelezo, mwandikieni meneja, nakala kwa mdhamini wa mfuko, yaani anayelinda maslahi ya wawekezaji. Wakinyamaza, pelekeni malalamiko kwa Mamlaka pamoja na risiti.