Vijana wa hanga, hiyo mesiji mliyoifuta mmeiandika wapi?

Wiki jana, shifti ya usiku, nimemwona kijana wa atachimenti, yaani bado anajifunza kazi, amepanda kokpiti ya ndege, mesiji ya hitilafu ya sensa moja imewaka, akavuta sakitibreka, ile swichi inayokata umeme, akahesabu mpaka kumi, akairudisha, mesiji ikapotea, akashuka ngazi akisema "imekubali." Nikamwuliza umeandika wapi? Akaniangalia vile mtoto huangalia mamake akiulizwa kama ameoga. "Si imepona, mkubwa?"

Sasa hiyo "imekubali" nimeisikia miaka kumi na saba, tangu nikiwa uwanja mdogo wa Wilson hadi huku uwanja mkubwa wa Embakasi, na nawapenda sana nyinyi vijana, mna akili kutushinda, mnasoma manyuali kwa simu mkila chapati, lakini hii kitu inanichoma. Kwa hivyo naandika, na msinikatize.

1. Andika hata kama imepona yenyewe.

Wewe unaona ndege moja, tena usiku, tena ukiwa na njaa. Mtengenezaji anaziona zote. Airbus wana Skywise, mfumo wao wa data za ndege, tangu 2017, Boeing wana mfumo wao wa kufuatilia afya ya ndege, na wa injini wana wao, na kule hawakai wakingoja kitu kivunjike, wanatafuta valvu ambayo wiki hii inachelewa kufunguka kidogo kuliko wiki iliyopita, halafu wanauliza kama kuna nyingine inafanya hivyo mahali pengine. Ndege inaongea yenyewe. Air France 447 ilipopotea Atlantiki mwezi wa sita 2009, mabaki yalikuja kupatikana chini ya bahari 2011, lakini zile mesiji 24 ilizotuma kwa ACARS, mfumo wa ndege kutuma ujumbe chini, dakika zake za mwisho zilikuwa zimeshasema kitambo kwamba shida ilianza na usomaji wa spidi. Sawa. Lakini hakuna kompyuta ya Airbus kule Toulouse itajua ulivuta sakitibreka, ulishika nini, ulisikia harufu gani. Hiyo ni yako wewe kuandika.

Na kama unafikiri natia chumvi, kumbuka Lion Air ya Indonesia, Oktoba 2018, ndege aina ya Boeing 737 MAX. Sensa ya pembe ya upepo, inayopima bawa linakutana na hewa kwa pembe gani, upande wa kushoto ilikuwa imebadilishwa Denpasar, na ile iliyowekwa ilikuwa inasoma digrii 21 zaidi ya ukweli. Usiku huo ndege ikaruka kwenda Jakarta, usukani ukatetemeka kuonya karibu safari nzima, pua ikisukumwa chini, mpaka wakazima mota za stabilaiza, lile bawa dogo la mkiani, wakaendelea kwa mkono, wakafika. Wakaandika kwa logibuku, kitabu cha kumbukumbu za ndege, kwamba spidi na altitudo hazikubaliani na taa fulani imewaka. Ule mtetemo hawakuandika. Zile swichi walizozima hawakuandika. Mafundi wa Jakarta wakafanya kile karatasi iliwaambia, wakasafisha mirija, wakasafisha konekta, wakaitoa ndege. Asubuhi ikaanguka na watu 189.

Kosa la kuiacha MCAS, ile programu iliyokuwa ikisukuma pua chini, isikilize sensa moja peke yake ni la waliochora ndege, na siwaondolei hata nusu ya lawama. Lakini mimi ni fundi, na ripoti ya ajali hiyo kila nikiisoma jicho langu linaenda kwa ile logibuku. Ile mistari miwili iliyokosa. Miezi minne na kitu baadaye, tarehe 10 Machi 2019, Jumapili, ikawa ni ile ya Ethiopian, safari 302, ndege ya aina hiyohiyo, inatoka Addis inakuja kwetu hapa. Watu 157, Wakenya 32. Nilikuwa kazini siku hiyo. Wale waliokuwa wamesimama pale wanapongoja wageni, na maua, na watoto wamevalishwa nguo za kanisa, siwezi kuwaeleza na sitajaribu.

Leo ile programu inalinganisha sensa zote mbili, zikikosana inajiondoa, na ikifanya kazi inasukuma mara moja tu badala ya kurudia rudia. Wamarekani wakairuhusu hiyo aina ya ndege kuruka tena Novemba 2020. Hayo mabadiliko yalitoka kwa data ya ndege mbili zilizoanguka, na yangeweza kuanza mapema kidogo.

2. Usijaze namba ambayo hukuiona.

Hapa nitakaa, nivumilieni. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, pale Wilson, kampuni sitaitaja, ndege za tabopropu za injini moja, asubuhi zinapeleka watalii Mara, mchana zinapeleka mizigo kaskazini. Ile karatasi ya trendi mnaijua: rubani akishatulia kruzi dakika kama tano anaandika joto la nje, altitudo, spidi, torki (nguvu inayozungusha propela), Ng (kasi ya kompresa), ITT (joto ndani ya injini), mafuta kwa saa. Mara moja kwa siku, basi. Jioni mimi naingiza kwa kompyuta, programu inalinganisha na vile injini nzima ingesoma kwa hali hiyohiyo, inachora laini tatu. ITT na mafuta zikipanda na Ng ikishuka, shida iko upande wa moto. Zote tatu zikipanda, kompresa ni chafu, kaioshe. Karatasi moja, dakika tano, na unaona ndani ya injini bila kuifungua.

Ilikuwa Agosti, msimu wa nyumbu. Marubani wanaruka tangu alfajiri, wanarudi wamechoka, karatasi inarudi tupu. Siku ya kwanza niliuliza, nikaambiwa kesho. Siku ya pili nikaambiwa kesho. Na bosi wa rekodi anataka fomu imejaa kabla hajatoka, saa kumi na mbili kamili, na mimi ni mgeni, sitaki kuonekana msumbufu. Kwa hivyo nikaangalia namba za jana, nikatoa digrii tatu hapa, nikaongeza mafuta kidogo pale, nikajaza. Nikajiambia injini ni ileile, njia ni ileile, kutakuwa na tofauti gani. Kesho yake ikawa rahisi zaidi. Nilifanya hivyo siku kumi na tisa.

Siku ya kumi na saba hivi kapteni mmoja, mama mtulivu ambaye alikuwa amezoea hizo ndege kama jikoni kwake, alikuja ofisini akasema asubuhi akiondoka ITT inagonga mstari mwekundu na torki bado haijafika. Wengine wakasema ni joto na huu urefu wetu, Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, injini yoyote hapa inahema. Yeye akasema hapana, naijua hii. Fundi akafungua trendi kwa kompyuta. Laini imenyooka, nzuri kabisa. Akamwambia, "Trendi iko sawa, Kapteni."

Mimi nilikuwa nimeketi hapohapo. Nilisikia. Nikanyamaza.

Ndege ikaruka siku mbili zaidi kwa sababu ya hiyo laini yangu. Injini moja, msisahau, ikizimika juu ya Bonde la Ufa unatafuta shamba la mtu.

Mzee wetu, mkaguzi mkuu, alikuwa likizo Siaya. Aliporudi aliangalia grafu kama dakika moja akauliza nani amechora hii. Akaambiwa ni kompyuta. Akasema, "Injini hai haiwi hivi. Injini hai inatetemeka kama mwandiko wa mtu." Jioni hiyohiyo akaagiza nozeli za kupulizia mafuta zitolewe na boroskopu, kamera ya kuchungulia ndani, iingizwe. Nozeli mbili zilikuwa zimeziba kaboni, moto umeenda upande mmoja, zile vane zinazoelekeza gesi ya moto zimechomeka, na ncha za bledi za tabaini zimeanza kuliwa. Aliniita niangalie mwenyewe kwa ile kioo. Nikaangalia.

Usiku huo nikamwambia, kwenye benchi nje ya hanga, kabla hajaniuliza. Hakunipigia kelele. Alinipa faili ya loadishiti, karatasi za mizigo na abiria wa kila safari, akaniambia niandike kwa mkono kila safari ya ndege hiyo kwa zile siku kumi na tisa, na idadi ya watu waliokuwa ndani. Zilijaa kurasa nne. Kuna safari moja ilikuwa ya watoto wa shule, na nilipoandika ile namba mkono ulikataa nikatoka nje kidogo. Asubuhi nikaenda kwa kapteni. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Aliniacha nimalize, akasema, "Mimi niliwaambia," akachukua begi lake akaenda kwa ndege nyingine.

Halafu nikafuta zile namba zote na mahali pake nikaandika "haikurekodiwa", mara kumi na tisa. Mzee alisema ungeacha pengo siku ya kwanza, mimi ningeuliza pengo ni la nini, na injini ingefunguliwa nozeli zikiwa bado ni nozeli tu. Hakunifukuzisha kazi, na hilo nalishikilia mpaka leo: alisema aliyekuja mwenyewe akifukuzwa, hakuna mwingine atakuja. Kanuni za dunia zinasema hivyohivyo pia, kwamba uchunguzi wa ajali ni wa kuzuia nyingine, si wa kutafuta wa kulaumiwa, lakini mimi nilijifunzia kwa benchi.

Mtaniambia hiyo ni zamani, sahi injini zina kisanduku kinarekodi na kutuma chenyewe ndege ikigusa chini. Ni kweli. Na ndege za zaidi ya kilo 27,000 kampuni inatakiwa kuwa na programu ya kuchambua data za safari, ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, waliliweka hilo tangu 2005. Lakini hizo ndogo za Wilson hazibanwi na hilo, nyingine zingali kwa karatasi, na hata huku kwa kubwa nimepata kadi ya QAR, kile kinasa cha data za safari, imejaa wiki mbili hakuna mtu ameitoa, na fomu inasema imetolewa. Nani alisaini? Kijana mwenye adabu kabisa, ananisalimia kila asubuhi.

3. Hesabu mizunguko, sio masaa peke yake.

Kila kupanda, kabini inajazwa hewa, bodi inanyooshwa. Kila kushuka, inalegea. Comet, ndege ya jeti ya Waingereza, ndiyo iliyofundisha dunia hilo 1954, walipoiweka kwenye tangi la maji kule Farnborough wakaijaza na kuitoa presha mpaka ikapasuka. Halafu Aloha, Aprili 1988, 737 ya safari fupifupi za visiwani Hawaii, mizunguko zaidi ya 89,000, paa la mbele likang'oka hewani na mhudumu mmoja akavutwa nje. Ndege ikatua. Na kuna abiria aliuona ufa karibu na mlango wakati anapanda, akanyamaza, labda alifikiri wenye ndege wanajua. Huyo simlaumu, ni abiria. Wewe uliye na tochi mfukoni ukiona rangi imepasuka karibu na riveti unanyamazia nini?

4. Hizi fupi, za haraka:

Angalia tarehe ya kupimwa kwa spana ya torki kabla hujaishika. Kava za pitoti, mirija ya kupima spidi, zirudi hata kama ndege inalala usiku mmoja tu, nyigu hawaombi ruhusa. Usisaini kazi ya mwenzako ambayo hukuiona, hata kama ni rafiki, hata kama matatu ya mwisho inaondoka. Mwandiko wako usomeke na mtu aliyechoka.

5. Sasisha database ya milima.

Najua ni kazi ya kuchosha, unaketi na ile mashine ukingoja asilimia zipande. Lakini jua ilikotoka. Don Bateman, injinia wa Marekani mzaliwa wa Kanada, aliketi miaka na miaka na ripoti za ndege nzima kabisa zilizogonga mlima rubani akishika usukani. Akatengeneza kifaa cha kuonya kikitumia redio ya kupima umbali wa chini, kikasaidia, lakini kinaona kilicho chini tu, mlima ulio mbele hakioni. Kwa hivyo miaka ya tisini wakaweka ramani ya dunia ndani, pamoja na ramani za kijeshi za Kisovieti walizozinunua baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, wakalinganisha na mahali ndege iko. Hiyo ndiyo EGPWS yako, kifaa cha kuonya ndege isigonge ardhi. Mtu alikusanya vifo vya watu akavigeuza kuwa sauti inayosema vuta juu. Nawe unaiacha na database ya zamani eti kwa sababu milima ya Ngong haijahama. Ngong haijahama, sawa, lakini kuna viwanja vipya, na kifaa kisichojua uwanja kinapiga kelele za bure, na rubani akishazoea kelele za bure siku ile ya kweli atachelewa.

Turudi kwa yule kijana wangu. Sikumwacha aende kulala. Tulifungua logibuku ya miezi miwili, ile mesiji imeandikwa mara moja tu. Tukafungua historia ndani ya kompyuta ya ndege: mara saba. Watu sita wengine walikuwa wamehesabu mpaka kumi. Nikamwambia aziweke tarehe kando ya safari, na ni yeye aliyeona kabla yangu kwamba zote zilikuwa baada ya kulala Mombasa. Tukafungua paneli karibu saa kumi ya usiku, konekta ilikuwa na kutu ya kijani mpaka ndani ya pini.

Ameandika mistari mitano, mwandiko wake bado tutaushughulikia. Ripoti imeenda kwa mtengenezaji na juzi wamejibu, wanataka namba ya konekta, picha, na kujua hiyo ndege hulala Pwani mara ngapi kwa wiki. Kijana ameniuliza kama anaweza kujibu yeye. Nimemwambia ajibu.