Lori la oto linagonga gia baada ya kufumuliwa

Ndugu, umesema lori lako la oto (linalojibadilishia gia lenyewe) limefumuliwa injini na giaboksi, sasa linagonga likiingia gia ya pili na injini inalia kwa vishindo. Usikimbilie kushusha giaboksi tena. Kompyuta ya giaboksi bado inakumbuka klachi kuukuu zilizolika, kwa hiyo inapeleka presha isiyolingana na hizi mpya. Fundi afute kumbukumbu hiyo kwa mashine ya kupima kompyuta za magari. Kisha, oili ya giaboksi ikishapata moto na kiwango chake kikiwa sawa, endesha kutoka Malindi kuelekea Mambrui ukikanyaga mafuta kidogo tu, gia zipande zenyewe hadi ya mwisho, halafu simama polepole. Rudia mara kumi hivi.

Vishindo vya injini ni habari nyingine. Nozeli za umeme nyingi (zinazonyunyiza mafuta ndani ya silinda) huwa na namba ya vipimo vyake iliyochapwa kichwani. Lazima iingizwe kwenye kompyuta ya injini kwa silinda yake. Namba ya nozeli ya silinda ya 2 ikiandikwa mahali pa silinda ya 3, injini hugonga na kutoa moshi.

Kabla ya programu yoyote, kwangua kutu kwenye nyaya za hasi zinazoshika chesi (chumvi ya Malindi haina huruma), na uunge chaja kwenye betri: umeme ukishuka katikati ya kazi, kompyuta inaweza kufa kabisa.