Mlima hauna masikio

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, wewe wa mtandaoni ndiye yule yule wanayemjua majirani?" Mimi ni fundi cherehani wa Majengo, hapa Goma, na jibu langu ni hapana. Ila sikubali kwamba hapana hiyo ni uongo.

Jumapili baada ya ibada, pitieni Rond-Point Chukudu. Vijana wanasubiri zamu ya kupiga picha mbele ya ile sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu, kile chombo cha mbao cha kusukuma mizigo. Viatu vimefutwa vumbi jeusi la mawe ya volkano, gauni limepigwa pasi ya makaa. Jioni picha iko kwenye statusi. Bidoni za maji na nyumba ya mbao havionekani, basi watu wanasema binti anajifanya. Mimi ndiye niliyempima kiuno. Najua gauni lile lilitoka kwenye zamu yake ya likelemba, ule mchango wa pesa wa kupokezana, baada ya kuuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, muda mrefu. Jasho lile nalo ni maisha yake.

Wanaonikasirisha ni wauzaji wanaoweka picha ya kitenge kizuri, kisha wanakuletea kitambaa kinachochuja mara ya kwanza majini. Huo ni wizi.

Tarehe 22 Mei 2021, mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, ulipolipuka jioni, statusi zote zilikuwa nyekundu, na hakuna aliyejali amevaa nini. Siku tano baadaye tukaambiwa tuhame. Watu waliandika waziwazi walikolala: Sake, kwenye sakafu ya kanisa, Bukavu, kwa shangazi. Wazazi waliweka picha za watoto waliopotezana nao njiani. Siku zile, uliyemsoma kwenye simu ndiye uliyekutana naye barabarani.

Januari 2025, vita vilipoingia mjini, ikawa kinyume. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na kwenye simu yangu nikaona maua, Zaburi, picha za harusi za zamani. Mlima hauna masikio, unaweza kuusema utakavyo. Vita vinasikia. Hujui nani ana namba yako, wala simu yako itashikwa na nani kesho. Ua lile lilikuwa salamu: tupo, tumeamka. Ndugu walioko Kampala na Kinshasa walilielewa hivyo, nao wakashukuru Mungu.

Kinachoniuma ni kwamba salamu hiyo hiyo inawadanganya walio karibu. Mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, aliweka tabasamu kila asubuhi, nami nikaridhika kwamba yuko vizuri. Kisha akaja kwangu na vitenge vyake vya mahari, akiomba nimtafutie mnunuzi. Watoto walikuwa wanakula mara moja kwa siku, na anakaa mtaa wetu huu huu.

Tangu hapo, kwenye likelemba yetu, pesa hazitumwi kwa simu kama zamani. Kila mama anakuja mwenyewe na mchango wake, na kama hana, anakuja mikono mitupu. Tunaketi. Tunaulizana bei ya makaa, kodi ya nyumba, nani ana mgonjwa. Picha tunaendelea kuweka, nzuri kabisa, na nguo nazishona mimi. Lakini mkutano uliopita, mama wawili walisema hawana unga, na wote wawili walitoka na unga.