Cayman ya lita 2.7: inatosha, ila iheshimu kwenye kona

Ndugu, unauliza kama Porsche Cayman ya 2013 yenye injini ya lita 2.7 itakuchosha haraka, na kama injini kukaa katikati kutakuponza kwenye kona.

La kwanza, hapana. Nguvu za farasi 275 si za kutisha siku hizi, lakini injini ile haina turbo. Utamu wake uko juu, mshale wa mizunguko ya injini ukishapita 5,000 kwa dakika, na sauti inatokea nyuma tu ya mgongo wako. Mimi ningechukua ya gia za mkono, nikaachana na Cayman S, ile yenye injini kubwa zaidi.

La pili lina ukweli kidogo. Uzito ukikaa kati ya ekseli mbili, pua inaingia kona mara tu unapogusa usukani. Inanoga! Ila ukiingia na kasi iliyozidi, halafu ukashtuka na kuachia mafuta katikati ya kona, uzito unahamia mbele na mkia unalegea. Kanyaga breki ukiwa bado umenyooka, kisha ongeza mafuta taratibu hadi utoke.

Kagua matairi ya nyuma kabla ya kulipa. Yakiwa kipara, hata dereva mzoefu atatoka jasho. Mizigo usihofu, ina buti mbili, mbele na nyuma.