Kabla Hujavaa Judogi: Anza na Vidole na Shingo

Wengi wanaotaka kuanza judo huniambia maneno yaleyale: "Ngoja kwanza nipige tizi, nikishajaa nitakuja." Mwaka unakatika, bado wanajaa. Mimi nasema wiki sita mpaka nane zinatosha, halafu njoo darasani. Na hizo wiki usizimalizie kwenye kifua.

Judo inaanzia kwenye vidole. Mnacheza mmeshikana: mkono mmoja umekamata ukosi wa judogi, yaani vazi la judo, mwingine umekamata mkono wa nguo ya mwenzako, naye kazi yake ni kujinasua. Kitambaa chenyewe ni kinene na kizito. Nimewaona vijana waliopiga vyuma miaka, mabega ya kutisha, lakini dakika ya pili ya randori, yaani pambano la mazoezi, mikono imekakamaa kuanzia kiwiko kushuka. Mkanda ukifunguka wanashindwa hata kuufunga. Nguvu wanazo, ila hawajawahi kuvutana na nguo yenye mtu ndani.

Dawa yake haina gharama. Chukua taulo kuukuu, au kanga mbili zilizokunjwa pamoja, pitisha juu ya bomba imara, shika ncha zote mbili, ning'inia. Mwanzoni sekunde 15 zinatosha. Pumzika, rudia mara nne au tano. Kujivuta juu kutakuja baadaye. Kaza zaidi kidole cha mwisho na cha pete, cha shahada kiache kimelegea kidogo, maana ndivyo utakavyofundishwa kushika ukosi. Fanya leo, kesho acha. Misuli huzoea mapema lakini kano huchelewa, na kiwiko kikishaanza kuuma hakiponi upesi.

Halafu kuna shingo, ambayo karibu kila mtu huisahau. Ukiangushwa chali, kinachookoa kisogo ni kidevu kilichobanwa kifuani, ndiyo maana mwanafunzi anayejifunza kuanguka huambiwa atazame fundo la mkanda wake. Lala chali, bana kidevu, inua kichwa kidogo tu kutoka sakafuni, shikilia mpaka shingo ianze kutetemeka, shusha polepole. Yale mambo ya kujikunja daraja ukiwa umeegemea kichwa yaache mpaka upate mtu wa kukusimamia. Na kuanguka kwenyewe, yaani ukemi, usijifunzie sebuleni juu ya saruji. Hilo ni somo lako la kwanza, na mahali pake ni kwenye tatami, yale magodoro ya kufanyia judo.

Miguu haina maelezo marefu: chuchumaa na kuinuka, kwa miguu yote miwili kisha mmoja mmoja. Tumbo na mgongo vitapata kazi yao humohumo. Pushapu piga kama unazipenda.

Pumzi ndiyo huwaumbua hata wakimbiaji. Katika mashindano ya kimataifa pambano la watu wazima ni dakika 4, wanaume na wanawake sawa tangu 2017, na likiisha bila mshindi linaendelea bila kikomo cha muda. Ndani yake ni vurugu ya sekunde chache, utulivu kidogo, kisha vurugu tena. Jogingi ya taratibu ni msingi mzuri, lakini mara mbili kwa wiki tafuta kilima: panda mbio sekunde 20 kwa nguvu zote, shuka ukitembea, rudia mara nane. Ukifika juu bado unaweza kupiga soga, hukukimbia.

Mwenye presha, matatizo ya moyo au bega lililowahi kuteguka aonane na daktari kwanza, na siku ya kwanza amwambie mwalimu kabla hajapanda tatami, siyo baada ya kutupwa.

Ukishaanza darasa, mwezi wa kwanza punguza tizi la nyumbani kwa nusu. Mwili utauma kwenye mbavu na mapaja ya ndani, sehemu ambazo vyuma havikuwahi kuzigusa, na unahitaji usingizi kuliko seti nyingine. Kucha kata fupi, za miguuni pia. Pete na mkufu acha nyumbani.