Paka, panya na saa ya kiharusi

Safari hii maswali mengi yamehusu kiharusi na picha za MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Nimeokota manne.

Eti kipimo cha MRI cha kiharusi kilianzia kwa paka? Wana kosa gani? (Bi S., Jang'ombe)

Kweli, Bi S. Mwaka 1990, San Francisco, Marekani, Michael Moseley na wenzake waliwalaza paka kwa dawa ya usingizi, wakawaziba mshipa mmoja wa damu ubongoni, kama kiharusi kinavyofanya, kisha wakawapiga picha mfululizo. Picha ya MRI ya kawaida haikuonesha kitu kwa saa mbili tatu. Ile inayofuata mwendo wa maji iling'aa palipoumia, mara nyingi ndani ya dakika 45. Walitumia wanyama kwa sababu ya saa. Mgonjwa wetu huletwa na jamaa watano, huyu anasema "kabla ya adhuhuri", yule "tulipokuwa tunakuna nazi". Kwa paka, dakika ya kuziba mshipa inajulikana. Siku hizi hutumika zaidi panya: uzi mwembamba wa nailoni hupitishwa kwenye mshipa wa shingo mpaka ubongoni, na ukivutwa damu inarudi. Mimi mfuga paka, sikuyasoma haya kwa raha.

Maji gani hayo yanayotembea ubongoni? (Mwalimu wa skuli, Wete)

Fikiria sokoni Darajani asubuhi: watu ndio maji, maduka ndiyo seli. Walioko njiani wanakwenda watakako. Aliyemo dukani akigeuka tu anagonga rafu. Seli za ubongo zina pampu zinazotoa chumvi nje, na nguvu zake hutoka kwenye oksijeni na sukari ya damu. Damu ikikatika pampu husimama, chumvi huingia, maji huifuata. Ni kama mvua imeshuka ghafla na wote wamekimbilia madukani, wamebanana. Idadi yao ni ileile, ila hakuna anayetembea. Ndiyo maana picha inayotegemea wingi wa maji hupitwa mwanzoni, na inayopima mwendo wake hustuka mapema.

Baba alilala mzima, kaamka mdomo umekwenda upande. Wazee wakasema upepo, tukamkanda mpaka alasiri. CT ikatoka safi. Nani muongo? (Chake Chake)

CT, ile mashine ya eksirei inayopiga picha za ubongo kipande kwa kipande, si muongo. Kazi yake ya kwanza ni kuona damu iliyovuja, maana dawa ya kuyeyusha donge la damu lililoziba mshipa ni hatari kwa aliyevuja damu. Mshipa ulioziba waweza usijulikane humo kwa saa kadhaa. Dawa hiyo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu kiharusi kuanza, na aliyeamka nacho hajui kilianza saa ngapi. MRI humtafutia: picha ya mwendo wa maji ikiwa imeng'aa na nyengine ya MRI iitwayo FLAIR, inayotegemea wingi wa maji, bado safi, yaelekea muda haujapita. Utafiti wa Ulaya, WAKE-UP, uliochapishwa 2018, uliwapa dawa wagonjwa wa namna hiyo. Waliopona vizuri walikuwa wengi zaidi kuliko kwa wasiopewa, ingawa waliovuja damu nao waliongezeka. Lakini saa zile za kukanda hakuna picha inayozirudisha.

Mbona dawa zinazowaponya panya hazituponyi? (Mkunazini)

Ubongo wa panya wa maabara una gramu mbili hivi, hauna mikunjo kama wetu. Mara nyingi ni kijana, hana presha wala kisukari, na dawa huipata mapema mno. Mlinganishe na mzee mwenye presha anayesubiri boti ya Dar.

Na aliyeuliza kama MRI inaunguza: haina eksirei, ni sumaku. Vyuma vyote, hata pini za mtandio, vivuliwe kabla ya kuingia, na mwenye betri ya moyo aseme mapema.